Leo Aanze Mdogo

Chuoni kwetu mdogo ndiye huanza kusema. Ukilisikia hilo kwa mara ya kwanza utadhani ni utovu wa adabu, maana wengi tumelelewa kukaa kimya mpaka wakubwa wamalize, na wakimaliza huwa hakijabaki cha kusema. Lakini katika Baraza la Chuo ndiyo desturi, tena ya tangu kabla sijazaliwa. Hoja ikiwekwa mezani, anaanza mwenye umri mdogo kuliko wote, kisha anayemfuata, hivyo hivyo mpaka kwa Mkuu wa Chuo, ambaye hufunga. Walioianzisha walikuwa na sababu moja tu: mkubwa akishasema, mdogo hasemi tena. Anaitikia.

Mimi nimo katika Baraza hilo. Si profesa. Nina stashahada ya maabara na kazi yangu ni kupima maji. Napokea chupa kutoka visimani, mitoni na mabombani, nazibandika alama, nazipitisha kwenye mashine, naandika nilichokiona. Wafanyakazi wasio walimu, kuanzia wapishi wa bwalo hadi madereva, ndio walionipigia kura niwawakilishe. Walisema wazi kwamba wananichagua kwa ajili ya mdomo wangu. Sikuchukia. Mdomo huu una mwenyewe, na mwenyewe anautunza.

Aliyeunoa ni Baba Mdogo.

Baba Mdogo ni mdogo wake baba, tumbo moja. Aliishi kwetu alipokuwa akisoma chuo hicho hicho, na jioni, badala ya kuniletea pipi kama baba wadogo wa wenzangu, alinisimamisha juu ya stuli jikoni na kuniambia, "Haya, nishawishi. Kwa nini usiende kulala sasa hivi?" Nikijibu ovyo, nashushwa, naenda kulala. Nikijibu vizuri, nabaki na wakubwa. Ndiye aliyenipa jina la Cherehani, kwa kuwa nikianza sinyamazi mpaka uzi uishe. Siku hizo yeye mwenyewe alikuwa kiongozi wa wanafunzi, anarudi nyumbani sauti imemkauka kwa kupiga kelele getini. Siku hizi ni mheshimiwa. Ni mwenyekiti wa kamati ya Bunge inayosimamia elimu, na ndiye aliyeuleta mswada wa kutufunga midomo.

Mswada wenyewe ulikuwa na vifungu vingi vya mapambo. Sumu ilikuwa kifungu cha sita. Kilisema Mkuu wa Chuo na wajumbe wote wa Baraza watateuliwa na waziri, na waziri atawaondoa akipenda. Viti vya kuchaguliwa, vya walimu, vya wanafunzi na vya sisi wafanyakazi, vifutwe. Eti ni kurahisisha uendeshaji. Hata kumziba mtu pua ni kurahisisha upumuaji wake; hana tena haja ya kuhangaika.

Chanzo cha yote hayo ni chupa zangu. Mwaka uliotangulia nilipima maji ya bomba ya mitaa ya bondeni, nikakuta uchafu wa chooni umeingia humo. Nikarudia kupima, nikiomba niwe nimekosea. Sikuwa nimekosea. Wizara ikaagiza matokeo yasitangazwe mpaka "wakati mwafaka". Baraza likaketi. Akaanza mwanafunzi, nikafuata mimi, wakafuata wengine kwa zamu zao, na alipofikiwa Mkuu wa Chuo akafunga kwa neno moja: "Bandikeni." Tukabandika getini, kila mpita njia akasoma. Watu wakachemsha maji, bomba likafukuliwa, waziri akachekwa. Chini ya kifungu cha sita, Mkuu wa Chuo aliyeteuliwa na waziri yule asingethubutu kusema bandikeni. Na mimi nisingekuwamo chumbani kumwomba aseme.

Basi ikafika siku ya kamati kusikiliza maoni. Kwa kanuni zao husikiliza hadharani, kisha hupitia kifungu kimoja kimoja papo hapo mbele ya watu na waandishi. Nje ya jengo wanafunzi walijaa barabara nzima, wanaimba mpaka vioo vya madirisha vinatetemeka. Nilipita katikati yao nimekumbatia projekta kama mtoto mchanga. Sijawahi kuona umati uliofurahi hivyo kwa jambo la hatari hivyo.

Walinzi wakaruhusu wachache tu waingie. Rais wa wanafunzi, kijana mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, akagoma kuingia.

"Nikiingia mimi, hawa namwachia nani?" akasema. "Wakirusha hata chupa moja, kesho magazeti yataandika habari ya chupa tu. Ingieni ninyi. Dada, wakamate!"

"Mimi nabonyeza projekta tu," nikamwambia.

"Basi bonyeza kwa hasira!"

Tukaingia watatu. Mbele, Mkuu wa Chuo, mama mfupi wa hisabati anayetembea kana kwamba korido nzima ni yake. Nyuma yake, mwalimu wa sheria tunayemwita Mzee Kifungu, kwa sababu hata akiombwa chumvi mezani huuliza ni kwa mujibu wa kifungu gani. Yeye ndiye tuliyekubaliana azungumze. Wiki nzima alikuwa akikariri hotuba yake, tukamsikiliza, tukampigia makofi, akaifupisha, tukampigia makofi zaidi.

"Wewe utabonyeza tu," akaninong'oneza tukiwa tunakaa. "Usiniongezee neno. Nakujua."

Ukumbi ulikuwa na zulia zito na meza iliyopinda kama kwato, kila mjumbe na kipaza sauti chake chenye taa nyekundu. Kila hatua chache palikuwa na jagi la maji. Nikayatazama majagi yale kwa jicho la kazini, nikaamua sina kiu.

Katikati ya meza aliketi Baba Mdogo. Suti imemkaa sawasawa, miwani puani. Macho yetu yakakutana, akanikonyeza. Baba Mdogo yule yule! Nusura nimpungie mkono.

"Karibuni watu wa chuo," akasema kwenye kipaza sauti. "Muda wetu ni mfupi. Anzeni."

Hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo mtu wa chuo kingine asingelifanya. Hakuna aliyeanza. Mzee Kifungu alisimama, karatasi mkononi, akafungua kinywa, akakifunga, akageuka akanitazama mimi. Mkuu wa Chuo naye akanitazama. Walikuwa wakinisubiri! Miaka yote hiyo ya kukaa barazani ilikuwa imewaingia mwilini. Walishindwa kufungua mdomo kabla ya mdogo. Mzee Kifungu, mtu mzima mwenye mvi, akakaa chini taratibu na hotuba yake.

"Mbona kimya?" akauliza Baba Mdogo. "Mmekuja kusali?"

Waheshimiwa wakacheka. Mkuu wa Chuo akanipiga kumbo. "Anza."

"Mimi? Si Mzee Kifungu?"

"Ataanzaje na wewe hujasema?" akanijibu, na papo hapo nikaona uso wake ukibadilika, kagundua tuko wapi. Lakini alikuwa ameshanisogezea kipaza sauti, na taa nyekundu ilikuwa inawaka.

Nikasimama. Sikuwa na karatasi.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," nikasema, "samahanini kwa kimya kile. Kwetu mdogo ndiye huanza, na humu ndani mdogo ni mimi. Kifungu cha sita—"

"Cherehani," akasema Baba Mdogo.

Alilisema polepole, kwa tabasamu, kwenye kipaza sauti. Ukumbi mzima ukalisikia jina langu la jikoni.

"Cherehani, mwanangu, kaa chini. Waachie wakubwa waseme." Akawageukia waandishi. "Msishangae ndugu zangu. Huyu ni mtoto wangu wa nyumbani. Nimempakata huyu, nimembeba mgongoni. Anapenda maneno tangu hajaota meno."

Walicheka, hasa. Mmoja wa waheshimiwa alijipangusa machozi. Nilihisi masikio yanawaka moto, na kwa muda mfupi kabisa magoti yangu yalianza kutii amri yake, yanakunja yenyewe. Halafu nikamwona Mzee Kifungu. Alikuwa ameikunja hotuba yake mara mbili na kuitia mfukoni. Ananingoja mimi nimalize.

Nikanyoosha magoti.

"Baba Mdogo," nikasema, na kicheko kikakatika. "Kweli ulinipakata. Tena ulinisimamisha juu ya stuli ukaniambia nikushawishi, na nikikushawishi nabaki na wakubwa. Leo nimesimama bila stuli, nawe unaniambia nikae kabla hujanisikia. Nani kati yetu amebadilika?"

Nilikuwa nimeshaanza, na uzi ulikuwa mwingi.

Nikawaambia habari ya maji ya bondeni. Niliwaeleza nilivyoiona chupa ile ya kwanza, nilivyorudia kupima, agizo lilivyokuja, Baraza lilivyoketi. Nikasema siku ile kama mkubwa angeanza na kusema tusubiri, wote tungeitikia tusubiri, mimi wa kwanza. Nikasema chuo cha umma ni cha umma kwa kuwa kinaweza kuuambia umma jambo asilolipenda waziri. Kiongozi anayeteuliwa na kutumbuliwa na mtu mmoja atakuwa anamsikiliza mtu huyo mmoja, hata awe malaika. Sikumbuki yote. Nakumbuka nilibonyeza projekta kwa bahati mbaya, ikatokea picha ya paka wangu, na hakuna aliyecheka.

"Nina ombi moja," nikamalizia. "Mkifika kifungu cha sita, kwa kifungu hicho kimoja tu, aanze mdogo."

Baba Mdogo akavua miwani. "Hapa si barazani kwenu. Hapa mwenyekiti hutoa mwelekeo, na wajumbe huchangia. Tumekusikia. Kaa."

Nikakaa. Nilidhani yamekwisha. Ndipo mwishoni kabisa mwa meza, pale kiti kinapobanana na ukuta, taa nyekundu ikawaka.

"Mheshimiwa Mwenyekiti." Alikuwa mbunge kijana, mwanamke wa rika langu, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajafungua kinywa ila kunywa maji. "Kama anatafutwa mdogo, mdogo wa kamati hii ni mimi."

"Mheshimiwa, zamu yako bado."

"Zamu yangu huwa bado mpaka kikao kinaisha, Mwenyekiti." Sauti ilimtetemeka, lakini hakuizima taa. "Mimi natoka bondeni. Maji anayoyasema fundi huyu yalikuwa maji yetu. Mtoto wangu alikuwa anahara, nikadhani ni meno. Jirani ndiye aliyetoka mbio getini kwa chuo akaja kuniambia chemsha maji, chemsha maji! Tungechelewa wiki nyingine mbili tukingoja wakati mwafaka, sijui ningekuwa nazungumza nini leo. Mimi kifungu cha sita sikiungi mkono. Kwisha."

Kelele! Mwandishi mmoja alisimama juu ya kiti. Baba Mdogo akagonga nyundo, akamwita haraka mjumbe aliyekuwa upande wake, mfanyabiashara mnene anayejulikana kwa sentensi moja tu tangu aingie bungeni. Akaamka kama aliyechomwa.

"Naunga mkono Mwenyekiti!" akatamka.

"Mwenyekiti hajasema kitu bado," akanong'ona jirani yake, na kipaza sauti kikatuletea mnong'ono wote.

"Aa." Mheshimiwa akakuna kidevu. "Sasa... nitaunga mkono nini?"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko, na safari hii kilikuwa kicheko cha namna nyingine. Mheshimiwa yule naye akacheka, kisha akaacha kucheka. Akatazama karatasi iliyokuwa mbele yake kwa mara ya kwanza, nina hakika ilikuwa kwa mara ya kwanza, akasoma huku midomo inacheza.

"Hebu," akasema. "Kumbe kinafuta hata kura ya wapishi? Mke wangu alikuwa mpishi wa bwalo lile. Hapana bwana. Mimi hiki hapana."

Basi ikawa kama mtu kafungua mlango wa banda. Taa nyekundu zikawaka mezani moja baada ya nyingine. Wako waliokitetea, tena kwa hoja, na niliwasikiliza kwa heshima kwa sababu angalau walikuwa wanasema ya kwao. Wengi walikikataa. Baba Mdogo akasema mwisho kabisa, akafunga, kama Mkuu wetu wa Chuo anavyofunga, ila yeye alifunga akiwa amebaki na wachache. Kifungu cha sita kikaondolewa.

Mzee Kifungu alinikumbatia mpaka miguu ikaachana na zulia. "Hotuba yangu!" akalia huku anacheka. "Wiki nzima! Sikusoma hata mstari!" Tulipotokea mlangoni wanafunzi walikuwa wameshapata habari. Rais wao alipanda juu ya ukuta, sauti imekwisha kabisa, anapunga mikono tu kama mtu anayefukuza nyuki. Walinibeba juu. Nilimwona Mkuu wa Chuo, profesa mzima, akicheza na pochi kichwani. Nililia, nikacheka, nikapoteza kiatu kimoja, na mpaka leo sijakiona.

Jumapili mchana nikaitwa nyumbani kwa wazazi.

Sebuleni walikuwa wamekaa kwa mpangilio, nikajua mara moja kuwa ni kikao. Shangazi kwenye kochi kubwa, kwa kuwa ndiye mkubwa wao. Baba pembeni yake. Mama karibu na mlango wa jikoni, anajifanya anakunja nguo. Na Baba Mdogo kwenye kiti cha mbao, bila suti, kavaa fulana. Bila suti alifanana na yule wa zamani, na hilo liliniuma kuliko kama ningemkuta na miwani yake.

Nikaelekezwa kigoda.

Akaanza Shangazi. Akasema nyumba yetu haijawahi kuwa na mtoto wa kumjibu mkubwa mbele za watu. Akasema tumbo linamuuma tangu siku ile. Akafuata Baba, akasema maneno mengi yasiyokuwa na kichwa wala miguu, akamalizia, "Sema tu samahani, mwanangu, yaishe tule." Lakini mdomo wake ulikuwa unamcheza pembeni, na Mama alikuwa analikunja shati lile lile kwa mara ya tatu.

Kisha Baba Mdogo.

"Cherehani, mimi sina kinyongo," akasema. "Uliniumbua, lakini ni mwanangu. Wenzangu wananicheka, wanasema nyumba imenishinda, nitaiwezaje kamati? Wiki ijayo mswada unaingia bungeni kwa wabunge wote. Kifungu kinaweza kurudishwa huko. Ninachotaka ni jambo dogo tu. Kesho uje tusimame pamoja mbele ya waandishi, useme ulipandwa na jazba, ulikosa adabu, unaniomba radhi. Nitakukumbatia, watapiga picha. Basi."

"Na bungeni utasema nini?"

Hajui kunidanganya, hilo namshukuru.

"Nitasema yale yalikuwa mambo ya kitoto, na mtoto mwenyewe amekiri. Tukirudishe."

Shangazi hakuwa amelijua hilo. Nilimwona akimgeukia mdogo wake.

"Na nisipokuja?"

"Usiniite tena Baba Mdogo." Alilisema akitazama sakafu. "Niite Mheshimiwa, kama wengine."

Nitasema kweli, hilo lilinipiga. Hakuna mtu duniani aliyenifundisha kusema isipokuwa huyu. Nikafikiria kumpa. Ni neno fupi, samahani, nalitumia kila siku nikimkanyaga mtu koridoni. Nikamfikiria na yule mbunge wa bondeni, sauti inatetemeka na taa haizimi, naye angali na vita vya wiki ijayo. Nikiomba radhi mimi, yeye ndiye atakayekalishwa.

Nikainuka. Stuli ya jikoni ilikuwepo bado, pale pale mlangoni. Sikuipanda. Nimeshakua, naonekana.

"Hapa naona wameanza wakubwa," nikasema, "na mimi nimebakizwa mwisho ili niitikie. Sawa, nafunga. Uliyaleta mambo ya jikoni mbele ya waandishi ili nikae, nami nikakujibu kama wa jikoni. Sikuteleza, wala sikupandwa na jazba. Nilikuwa na furaha, Baba Mdogo, na nilikuwa na akili zangu zote."

"Cherehani," akasema, safari hii kwa upole, bila kipaza sauti. "Neno moja tu."

"Hilo silisemi. Wiki ijayo niiteni Bungeni, niiteni kwa waandishi, niiteni popote, nitasimama na kusema yale yale. Nitakuita Baba Mdogo upende usipende, maana ndivyo ulivyo. Lakini radhi siombi. Si kwako, si kwa waziri, si kwa kamera. Siombi."